Rekodi ya yadi 22,895 ya Jerry Rice: mbona hakuna anayeikaribia?

Mpira_Duaradufu
Wakuu, salaam. Jerry Rice, risiva (mdakaji wa pasi) wa mpira wa Kimarekani, alistaafu na yadi 22,895 za kupokea, yaani umbali aliousogeza mpira kwa pasi alizodaka. Anayemfuata, Larry Fitzgerald, ana 17,492. Siku hizi kwenye ligi ya NFL wanarusha mipira mingi kuliko enzi zake, na tangu 2021 msimu una mechi 17 badala ya 16. Kinachowakwamisha ni nini? Na risiva chipukizi ajifunze nini kwake, ukiacha ile habari ya "alikuwa na bidii"?

Yadi_Kumi
Piga hesabu. Yadi 1,500 kwa msimu ni kiwango cha nyota. Zidisha kwa misimu 15, unapata 22,500. Bado hujamfikia! Rice alicheza misimu 20, kuanzia 1985 hadi 2004, mechi 303. Oktoba 2002 alitimiza miaka 40 akiwa timu ya Raiders, na msimu huo akadaka mipira 92 kwa yadi 1,211. Risiva mwingine, Calvin Johnson, alipata yadi 1,964 mwaka 2012, wakati msimu bora wa Rice, ule wa 1995, ulikuwa 1,848. Ila Johnson aliondoka baada ya misimu 9. Wenye kasi kumzidi Rice walikuwepo tele. Waliodumu ndio adimu.

Kocha wa Jioni
Nijibu la pili. Tazama slanti yake, ile mbio fupi ya kukata kwa mshazari kuingia katikati. Katika mfumo wa kocha Bill Walsh pale 49ers, timu ya kwanza ya Rice, mrushaji Joe Montana anarudi hatua tatu na mpira unatoka kabla risiva hajageuka vizuri. Ukichelewa kidogo tu, mpira unamkuta beki.

Simama mguu wa ndani, ule wa upande wa katikati ya uwanja, ukiwa mbele. Hatua ya kwanza toka na mguu wa nje, ya pili wa ndani, ya tatu kanyaga kwa nguvu na wa nje, kisha kata kuingia katikati. Wengi huharibu kwenye hiyo hatua ya tatu: wanainua kifua na kupiga vihatua vidogo vidogo ili wapunguze mwendo. Kornabeki (beki anayemkaba risiva) mzoefu anakutazama kiunoni. Ukiinuka tu, ameshajua unakata. Nyonga zibaki chini, kifua kiwe mbele ya magoti, na mwendo wa kuingia kwenye kona ufanane na ule wa kukimbia moja kwa moja. Rice alisifika hapo: mbio zake zote zilianza kwa sura moja, kwa hiyo beki hakuwa na cha kusoma.

Halafu kwenye mazoezi, kila mpira aliodaka alikimbia nao hadi eneo la mwisho, kunakofungwa pointi. Siyo mbwembwe. Slanti ya yadi 6 inakuwa ya 40 kwa sababu mwili umezoea kuongeza kasi papo hapo baada ya kudaka.

Mpira_Duaradufu
Shukrani mkuu. Na kudaka? Vijana wengi wanapokelea kifuani.

Kocha wa Jioni
Kifuani kuna kinga ngumu ya mabega, mpira unadunda. Ukija juu ya kifua, dole gumba kwa dole gumba. Ukija chini ya kiuno, vidole vidogo vikutane. Viwiko vikunjwe kidogo, maana mkono ulionyooka hauna pa kupunguzia nguvu ya mpira. Macho yaufuate mpira hadi uingie kwapani. Mipira mingi inaanguka kwa sababu mtu amegeuka kutafuta njia kabla hajaushika.

Goti_la_Kushoto
Mnaomsifia kudumu msisahau 1997. Mechi ya kwanza dhidi ya Tampa Bay alichanika kano za goti la kushoto, pamoja na ile kano kuu ya katikati. Kano hiyo ikifanyiwa upasuaji, kwa kawaida inataka miezi tisa hivi au zaidi. Yeye alirudi Desemba mwaka uleule dhidi ya Denver, akafunga tachidauni, na katika kudaka huko huko akavunjika kilegesambwa. Msimu ukaishia hapo, mechi mbili tu. 1998 alicheza zote 16 na kupata yadi 1,157, lakini kijana asiige ile haraka. Maumivu kwisha siyo kipimo. Kabla ya kurudi, mguu ulioumia ulinganishwe na mzima kwa nguvu na kwa kuruka kwa mguu mmoja, na daktari ndiye aseme.