Tupeane uzoefu: bustani, safari ndefu za baiskeli na sinia la pamoja mwishoni mwa kaskazi

Mkulima wa Donge:

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, pamoja na nyote mlio mbali na nyumbani. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wa kipindi ambacho kwa maoni yangu ndicho kizuri kuliko vyote katika mwaka wetu wa kazi, nacho ni zile wiki za mwisho wa kaskazi, yaani msimu wa joto na upepo wa kaskazini, kuanzia katikati ya Februari hadi mvua za masika zinapoanza ndani ya Machi. Joto hufika nyuzi 32 au 33 na maji ya visima hushuka, lakini barabara ni kavu, mboga za bustani bado zipo, na watu wana nafasi ya kutembeleana kabla kilimo cha masika hakijawashika. Nataka tuyaeleze mambo matatu kwa pamoja, kwa sababu kwangu mimi hayatengani: tunachokiotesha, jinsi tunavyokipeleka kwa baiskeli kwa jamaa zetu, na namna kinavyoliwa.

Bustani yangu ipo karibu na kisima na ina mchicha, bamia, bilingani na tungule (nyanya). Namwagilia baada ya sala ya alfajiri na tena baada ya alasiri, kwa kuwa maji yanayomwagwa mchana mengi hukauka kabla hayajafika mizizini. Kila tuta nimelifunika kwa majani makavu na makuti yaliyochakaa, na ukiyafunua siku ya pili unakuta udongo bado una ubaridi. Vidukari wakitokea kwenye bamia, nalowesha usiku kucha majani ya mwarobaini yaliyopondwa, nayachuja asubuhi na kunyunyizia chini ya majani, mahali wanapojificha.

Safari yangu kubwa ya msimu ni ya kwenda Makunduchi kwa wakwe zangu. Nafunga mapakacha mawili ya mboga kwenye keria, nashuka Mahonda hadi viunga vya mji, kisha nashika njia ya kusini kupitia Tunguu hadi Bungi, ambako nalazimika kupumzika chini ya ile miembe mikubwa inayonasibishwa na Bi Khole, binti wa Seyyid Said. Faida ya kusafiri wakati huu ni kwamba upepo wa kaskazi unakusaidia sehemu kubwa ya njia. Anayetaka kwenda Nungwi afanye kinyume chake: aondoke mapema kabla upepo haujaamka, ili ukichangamka baadaye umkute ameshafika, na ndio utakaomrudisha. Mimi kurudi kwangu Donge napakia baiskeli juu ya daladala, wala sioni kasoro katika hilo, kwani lengo la safari ni kufika na mboga zikiwa hai.

Karibuni, kila mmoja aeleze ya kwake.

Mzee wa Makunduchi:

Waalaykumu salaam, mwanangu. Umelima kwenye udongo mzito wa magharibi, nami nitasimulia ya uwanda, maana wengi wa upande wenu wanadhani kwetu hakulimwi. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, na udongo umekaa katika mashimo na nyufa baina ya mawe. Hatuwezi kutia jembe tukapiga matuta yaliyonyooka. Tunatafuta pale ulipo udongo, tunachokoa, tunapanda mtama, kunde, choroko na pilipili, na mawe tunayoyaokota tunayapanga kuwa ukuta wa kuzuia wanyama. Mwisho wa kaskazi kunde zimeshavunwa na kuanikwa, na shamba linasafishwa ili mvua ya kwanza isimkute mtu akikata magugu.

Wazee waliotufundisha hawakutazama kalenda ya ukutani. Walihesabu miongo, yaani siku kumi kumi kuanzia siku ya mwaka, ile ambayo huku kwetu husherehekewa kwa Mwaka Kogwa katika mwezi wa Julai. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua ni mwongo upi wa kuchoma magugu na upi wa kutia mbegu, na nahodha alijua lini aanze safari na lini aegeshe chombo. Mwezi mwandamo haukuweza kuwatosha kwa kazi hiyo, kwa sababu kila mwaka unarudi nyuma kiasi cha siku 11, ilhali mvua haiufuati. Nasikitika kuona vijana wanaojua kuhesabu miongo wanapungua, na ningependa kila mwenye babu au bibi aliye hai akae naye aandike anayoyajua.

Kuhusu chakula, mgeni anayefika kwangu kwa baiskeli na mboga kutoka Donge simwekei sahani yake peke yake. Tunakaa mkekani, analetewa birika na bakuli anawe mikono, kisha linakuja sinia la wali, mchuzi wa pweza wa nazi na hizo bilingani zake. Anayekula kwenye sinia anakula upande ulio mbele yake, na mwenye nyumba humsogezea mgeni minofu bila kusema neno. Watoto wangu wote walijifunza adabu hapo kabla ya kujifunza kusoma.

Mwalimu wa Wete:

Shikamoo, mzee wangu. Nami ni mwanamke wa Pemba na nimeendesha baiskeli tangu nikiwa mwanafunzi, kwa hiyo nitaeleza yanayotuhusu wanawake, ambayo hayasemwi sana.

Kisiwa chetu ni kidogo kuliko Unguja, urefu wake ni kilomita 67 hivi, lakini aliyeipita barabara ya zamani ya Chake hadi Wete anajua kwamba urefu wa njia si kitu kama vilima vyake. Unashuka bondeni penye mpunga, unapanda kilima chenye mikarafuu, unashuka tena, na kila kilima kina kona. Fundi wangu aliufunika mnyororo wote kwa bati jepesi na kuweka wavu kwenye gurudumu la nyuma, na tangu hapo navaa buibui na kuendesha bila wasiwasi wa nguo kunaswa. Kwenye kilima kikali nashuka na kusukuma, kwa sababu magoti ninayahitaji kwa miaka mingi ijayo. Breki nazikagua kabla ya kila safari ndefu, kwani mteremko wenye mzigo wa majimbi kwenye keria hausamehi breki iliyolegea.

Bustani yangu ipo pembezoni mwa bonde, mahali ambapo unyevu hubaki hata kaskazi ikikaza. Nina majimbi, viazi vitamu na migomba michache. Msimu wa karafuu ukishakwisha na majamvi yakakunjwa, sisi wanawake wa mtaa tunashirikiana kulima mabonde kwa ajili ya mpunga wa masika: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye bonde la siku hiyo ndiye anayepika. Mimi huwafuata wenzangu kwa baiskeli baada ya kutoka skuli, nikiwa nimebeba dumu la maji ya kunywa na chochote kilichokomaa bustanini. Chakula hicho cha bondeni, muhogo wa nazi na papa mkavu, tunakila tukiwa tumechoka sote kwa kiwango kimoja, na katika maisha yangu sijapata karamu iliyonikutanisha na watu kuliko hiyo.

Nina ombi kwa mkulima wa Donge: marando yangu ya viazi yamezeeka na nataka mapya, pamoja na vipando vya muhogo. Je, unaweza kunitumia kwa boti?

Kijana wa Bububu:

Naongeza machache kuhusu njia. Pale kwenye msitu wa Jozani punguzeni mwendo hata kama barabara ni nyeupe, kwa sababu kima punju huvuka kwa makundi, na mnyama huyo kwa asili hapatikani kwingine duniani isipokuwa Zanzibar. Bebeni tyubu ya akiba, viraka, gundi na pampu, maana baina ya kijiji na kijiji huko uwandani unaweza kwenda muda mrefu bila kumpata fundi. Dafu moja na tende chache zinanifikisha mbali kuliko soda.

Mzanzibari wa Uholanzi:

Huku niliko majira kama hayo yenu huja mwishoni mwa Agosti, kiangazi kinapoaga. Nimekodi kipande kidogo katika bustani za pamoja zilizo pembezoni mwa mji, na wakati huo ndio wa kuvuna maharage, maboga na viazi. Nchi ni tambarare, na njia za baiskeli zimetengwa na kuwekewa vibao vyenye namba kwenye kila makutano, hivyo mtu huandika namba zake kwenye karatasi akaenda mji hadi mji bila kuuliza. Adui ni upepo peke yake.

Kilichonishangaza zaidi nilipofika ni jua. Nyumbani magharibi haibadiliki sana mwaka mzima, huwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja, ilhali huku mwishoni mwa Agosti jua linazama kama saa mbili na nusu usiku. Jirani zangu wa bustani, kila mmoja akiwa na chakula chake alichokipika, tunaunganisha meza na kula nje hadi giza liingie. Mimi hupika wali wa nazi kwa tui la kopo na mchicha niliouotesha mwenyewe kwa mbegu za nyumbani, na huuweka kwenye sinia nililoletewa na mama. Mara ya kwanza walisita, sasa wanalisubiri. Hata hivyo, ndugu zangu, tui la kopo si tui.

Mpishi wa Kikwajuni:

Mwanangu wa Uholanzi umenigusa, na kwa kuwa hapa wote wamesema “wa nazi” bila kueleza, nitaeleza mimi. Chukua nazi, keti juu ya mbuzi na uikune taratibu usifike kwenye ngozi nyeusi. Kamua tui la kwanza kwa maji kidogo sana, uliweke kando, kisha kamua la pili kwa maji mengi zaidi. Mboga, iwe mchicha au bilingani, inachemka katika tui la pili pamoja na kitunguu, tungule na chumvi mpaka iive. Tui la kwanza linatiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, na hapo usiondoke jikoni: koroga kwa upande mmoja mpaka lianze kutokota, kisha ipua mara moja, kwa sababu likichemka sana litakatika na mafuta yatajitenga. Bamia usizikoroge ovyo.

Nataka pia kusema jambo kuhusu Ramadhani, kwa vile kwa miaka hii imekuwa ikiangukia ndani ya kaskazi. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Aliyefunga asifanye safari ndefu mchana katika joto hili. Vijana wa mtaani kwetu walikuwa wakitoka baada ya alasiri kwa mwendo mfupi, wakizunguka kwa jamaa na kukusanya muhogo, ndizi mbichi na majimbi, kisha wakaviweka vyote barazani kwetu. Futari hiyo ililiwa na waliokuwa nacho na wasiokuwa nacho, na hakuna aliyejua kipi kimetoka kwa nani. Nawaomba wenye bustani msiliache hilo life.

Mkulima wa Donge:

Nawashukuru sana, hasa mzee wangu wa Makunduchi kwa maelezo ya miongo; nikija safari hii nitakuja na daftari.

Dada Mwalimu, marando nitakutumia Ijumaa kwa boti ya Wete, yakiwa yamefungwa kwenye gunia lililoloweshwa. Kata vipande vya sentimita 30 hivi kutoka nchani mwa mmea, uvipande baada ya mvua ya kwanza kuingia vizuri, theluthi mbili chini ya udongo. Vipando vya muhogo, hata hivyo, sitakutumia. Magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia husafiri ndani ya vipando, na kijiti kinaweza kuonekana kizima huku kikiwa tayari na ugonjwa, kwa hiyo si vyema kuvivusha kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine. Muulize bwana shamba wako hapo Wete akuelekeze penye mbegu safi zinazotoka kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Kizimbani. Ukichagua mwenyewe, chukua shina lililokomaa kutoka mmea wenye majani yaliyonyooka yasiyo na mabaka, na ung’oe kwanza muhogo wake uukate: ukiona madoa ya kahawia yaliyokauka ndani ya nyama, shina hilo usilipande.