Kikundi cha Ukoo, usiku wa mdahalo wa urais

Jumanne, 26 Julai 2022

Mama Mkubwa: Assalamu alaykum nyote. Mdahalo wa wagombea urais wa Kenya ni saa mbili. Mimi ndiye admini na ombi langu ni moja, tusivunjiane heshima. Asiyetaka siasa anyamazishe simu mpaka asubuhi, lakini mtu asitoke kwenye kikundi.

Kitindamimba: Waalaykum salaam Mama Mkubwa. Mimi niko sebuleni na Bibi. Ameshaswali Isha na amekataa kulala. Atakayoyasema nitayaandika mimi.

Mama Mkubwa: Mpe shikamoo yangu.

Kitindamimba: Anasema marahaba, na anauliza kwa nini wameshaanza kuongea kabla ya saa mbili.

Dada: Mwambie ile ilikuwa awamu ya kwanza. Mgombea Mwaure amesimama peke yake. Mwenzake Wajackoyah alifika pale Chuo Kikuu cha Kikatoliki (CUEA), akasema hapandi jukwaani mpaka wagombea wote wanne wawe pamoja, akaondoka zake.

Ami: Na kwa hilo namuunga mkono. Wagombea ni wanne tu! Mwaka 2013 walikuwa wanane, wakapangwa mstari mmoja pale shule ya Brookhouse na nchi nzima ikawaona.

Binamu wa Nairobi: Ni kweli Ami, lakini 2013 nako mwanzo walipangwa sita. Paul Muite akaenda mahakamani, ndipo yeye na Mwalimu Dida wakaingizwa. Safari hii waandalizi wamepima kwa kura za maoni. Ukiwa chini ya asilimia 5 unapelekwa awamu ya mapema.

Shangazi: Yaani kura za maoni ndizo zinaniamulia nani nimsikie saa ngapi? Mimi hakuna aliyewahi kunipigia simu kuniuliza maoni. Mtu akishaidhinishwa na tume ya uchaguzi na jina lake litakuwa kwenye karatasi yangu ya kura, basi nafasi yake iwe sawa na ya wenzake.

Kaka: Haya, Naibu wa Rais Ruto ameingia. Yuko peke yake. Nadhani picha hiyo inajieleza.

Ami: Haijielezi hata kidogo. Jumapili Baba Raila alitoa sababu zake za kutokuja. Kampeni yake ilisema mpinzani wake hataki kuulizwa mambo ya ufisadi na uadilifu. Sasa mdahalo usiogusa ufisadi ni mdahalo gani?

Kaka: Basi si angekuja amuulize mwenyewe mbele ya Wakenya? Nafasi hiyo ameiacha wazi.

Mama Mkubwa: Tusikilize kwanza.

Dada: Mama Mkubwa niruhusu niseme moja, kisha ninyamaze. Mwaka 2017 Rais Uhuru hakwenda. Raila alisimama peke yake pale pale CUEA, usiku wa 24 Julai, akajibu maswali mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikasirika na Uhuru siku ile, na niliandika humu humu kwamba anayeomba kazi haikatai interviu. Ami, wewe uliniunga mkono kwa herufi kubwa. Leo aliyekosekana ni Raila. Siwezi kubadilisha kipimo kwa sababu aliyekosekana ndiye ninayempenda. Nampenda, na ninyi mnajua, lakini leo alitakiwa awepo.

Ami: Na 2017 alipata nini kwa kwenda? Aliyebaki nyumbani ndiye aliyetangazwa mshindi.

Binamu wa Nairobi: Ushindi ambao Mahakama ya Juu iliufuta tarehe 1 Septemba, Ami.

Ami: Ulifutwa kwa mambo ya tume na matokeo, haukufutwa kwa mdahalo. Ninachosema ni kwamba mdahalo hauna kura. Wagombea wote wanalijua hilo, ndiyo maana wanakwenda wakitaka na wanakaa wakitaka.

Shangazi: Hapo umesema kweli, na ndipo panaponiuma. Wanakwenda wakitaka. Sisi tunaosubiri mbele ya runinga hatumo kabisa katika hesabu zao.

(20:31)

Kitindamimba: Bibi anauliza, huyu anaulizwa nini? Mimi natafsiri lakini siwahi. Nikimaliza jibu moja wameshafika la tatu.

Dada: Gharama ya maisha. Hoja yake ni ile ile ya siku zote, kwamba serikali isaidie mkulima kuzalisha, mbolea iwe nafuu, badala ya kulipia unga ukishafika dukani.

Kitindamimba: Bibi anasema unga juzi umeshuka kutoka 205 hadi shilingi 100 kwa pakiti ya kilo mbili. Anauliza, akishinda huyu, bei hiyo itabaki au itaondoka?

Kaka: Mbolea ikishuka, unga utashuka wenyewe, Bibi. Itachukua msimu.

Kitindamimba: Anasema msimu ni miezi mingapi, na katika miezi hiyo watu watakula nini.

Kaka: Hilo sijasikia akiulizwa.

Dada: Swali la Bibi ni zuri kuliko mengi ninayoyasikia huko. Na si kwa sababu ni bibi yetu. Linamlazimisha mtu aseme nini kitatokea kati ya leo na siku ahadi itakapoiva. Wanasiasa wetu wote wanaruka hapo katikati.

Kitindamimba: Halafu Bibi ana jambo. Anataka niliandike kama anavyolisema:

"Mimi kura sijawahi kukosa, tangu siku za mistari mpaka leo za mashine ya vidole. Huyu kijana alipokuja huku Pwani alinisemesha Kiswahili kizuri, na Raila vilevile. Nikawaelewa wote. Leo ndiyo siku ya kuulizwa na kujibu, wananisemesha lugha nisiyoijua. Kwani mimi nahitajika siku ya kuomba tu?"

Mama Mkubwa: Allah! Bibi amesema.

Binamu wa Nairobi: Na ana haki kisheria. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili kimetajwa kwa ngazi zote mbili, ya taifa na rasmi. Hakuna anayevunja sheria kwa kuendesha mdahalo kwa Kiingereza, lakini walioandika Katiba 2010 walikuwa wanamfikiria mtu kama Bibi.

Kaka: Tukubali lakini kuna wawekezaji na mabalozi wanaotazama. Kiingereza kinafika mbali.

Dada: Wawekezaji hawapigi kura tarehe 9 Agosti. Na wana wakalimani wa kuwalipa. Bibi mkalimani wake ni mtoto wa kidato cha tatu anayehangaika kuwahi. Kura wanaziomba kwa Kiswahili, majibu wanayatoa kwa Kiingereza. Tangu 2013 ni hivyo hivyo, na lawama siwapi wagombea peke yao. Vyombo vya habari ndivyo vinavyoandaa, vina watangazaji hodari wa Kiswahili wanaosoma habari kila siku saa moja jioni. Wangewaweka hao jukwaani saa moja tu, au angalau maandishi ya Kiswahili yapite chini ya kioo. Hilo halihitaji sheria wala mahakama.

Shangazi: Naunga mkono kwa mikono miwili.

Ami: Mimi pia. Hapo hatuna chama.

(20:52)

Shangazi: Sasa nami nitoe langu, maana nimelibeba tangu jioni. Mnajua mume wangu alikuwa kwenye malori ya bandarini. Mnajua 2019 lilipotoka lile agizo kwamba mizigo yote ipande reli mpya ya SGR mpaka Nairobi na Naivasha, nini kilitokea kwenye barabara hii yetu. Madereva, turunboi, mama wa chakula, mafundi wa matairi, maajenti wa kuklia mizigo, wote waliporomoka kwa mkupuo. Watu waliandamana Mombasa kila Jumatatu. Sasa kampeni hizi, Ruto amekuja akasema bandari itarudi Mombasa. Raila amekuja, naye akasema bandari itarudi. Tumepigiwa ahadi moja kwa midomo miwili.

Mimi nilichotaka leo ni wasimame wawili, bega kwa bega, mmoja amuulize mwenzake: wewe ulikuwa Naibu wa Rais agizo lilipotoka, ulisema nini kwenye kikao? Na huyu naye amjibu: wewe ulishikana mkono na Rais Uhuru tarehe 9 Machi 2018, ulikuwa karibu na sikio lake, ulimwambia nini? Swali hilo mwandishi wa habari hawezi kuliuliza kwa uzito ule. Ni wao wawili tu wanaojua nani alinyamaza. Na ndiyo maana kutokuja kwa mmoja kumeninyima mimi majibu ya wote wawili.

Mama Mkubwa: Pole mdogo wangu.

Kaka: Shangazi, sina la kujibu. Hata mimi ninayemuunga mkono Ruto nimeona kitu hicho. Anapozungumza peke yake hakuna wa kumwambia "hapana, haikuwa hivyo". Latiff na Okwara wanaoongoza mdahalo wanamkaba, lakini wao hawakuwa ndani ya serikali.

Dada: Angalieni lile swali la miaka kumi. Ameulizwa kwa nini hayo anayoahidi hakuyafanya akiwa Naibu wa Rais tangu 2013. Akasema handisheki, ule mkono wa Uhuru na Raila, iliharibu mipango ya serikali, Ajenda Nne Kuu zikakwama. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Aliyekuwa upande wa pili wa handisheki hayupo kujibu! Madai yamebaki yananing'inia na watu watalala nayo.

Ami: Dada, hapo umenigusa.

Dada: Sikukusudia kukuumiza Ami.

Ami: Hujaniumiza. Ni kweli kwamba neno lisilojibiwa linakaa. Ila msimlaumu kana kwamba amejificha. Saa hizi Raila yuko mtaa wa Jericho, Nairobi, kwenye ukumbi wa jamii anazungumza na wananchi. Natazama kwa simu.

Shangazi: Ami, mkutano aliouandaa mwenyewe ni mkutano mzuri, sikatai. Lakini hakuna mpinzani pale. Linganisha na wiki iliyopita, wagombea wenza. Karua wa Raila na Gachagua wa Ruto walisimama pamoja, huyu akisema neno yule analishika. Kesho yake sokoni watu wa pande zote walikuwa wanabishana kwa hoja. Hata wale wasiosoma magazeti walijua Karua amesema nini kuhusu kesi za ufisadi na Gachagua amejiteteaje. Hiyo ndiyo faida ya uso kwa uso.

Binamu wa Nairobi: Na tukumbuke 2017 mdahalo wa wagombea wenza alifika mmoja tu, Muthiora Kariara. Ruto hakwenda, Kalonzo wa Raila hakwenda. Kwa hiyo Kaka, mgombea wako naye ana siku yake ya kukosekana.

Kaka: Nimekubali. Naye alikosea siku ile.

Kitindamimba: Stima imepotea huku 😩 Bibi anauliza kama imekwisha.

Mama Mkubwa: Haijaisha mwanangu. Mwekee redio ya betri, wanatangaza pia.

Kitindamimba: Redio nayo ni Kiingereza. Nashika simu, mniandikie ninyi kwa Kiswahili niwe namsomea.

(21:10)

Dada: Sawa. Bibi, sasa ni madeni. Nchi inadaiwa zaidi ya trilioni 8. Ameulizwa ataendaje na mzigo huo. Anasema serikali ipunguze kukopa na ikusanye kodi zaidi.

Kaka: Na ule mfuko wa biashara ndogo, bilioni 50 kila mwaka, mikopo ya riba nafuu kwa mama mboga na boda boda.

Kitindamimba: Nimemsomea. Anasema kukusanya kodi zaidi ni kutoka kwa nani. Na mkopo si zawadi, utalipwa. Anauliza biashara isiyo na wateja italipa mkopo na nini.

Ami: Huyo Bibi angewekwa pale mbele leo!

Binamu wa Nairobi: Jamani nimekuwa nikiandika pembeni. Kesho sina masomo asubuhi. Nitasikiliza tena yote, nimrekodie Bibi sauti fupi fupi kwa Kiswahili: unga, madeni, kodi, ardhi. Nitasema alichojibu kama alivyojibu, bila kuongeza langu.

Ami: Na ya Jericho?

Binamu wa Nairobi: Na ya Jericho pia, Ami. Nitumie kiungo chake.

Kaka: Mwaure naye usimsahau. Alikuwepo.

Shangazi: Kaka leo umenifurahisha.

Kitindamimba: Bibi anasema ahsante, mjukuu wake Mungu amzidishie. Anataka sauti zote ziwe zimefika kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa baada ya Swala wenzake wanakuja barazani na anataka wazisikilize pamoja. Wako kina mama sita na wote wana kadi ya kura.

Mama Mkubwa: Basi tusambaze na kwa kikundi cha msikitini, na kile cha chama cha akina mama. Binamu, ukimaliza uniletee mimi kwanza, nisikilize kama umependelea.

Binamu wa Nairobi: Sawa Mama Mkubwa. Alhamisi jioni utakuwa nazo.

Kitindamimba: Stima imerudi. Ruto bado anaongea. Bibi anauliza sasa wamefika wapi.

Dada: Ardhi, Bibi. Subiri, naandika.