Tupeane uzoefu: kwenye kurahisisha aljebra, uliangukia wapi na ulitokaje?

Wakuu habari. Juzi binti yangu kaandika 3a + 2b = 5ab. Nikashtuka, maana kosa hilo hilo nimelibeba mimi muhula mzima nikiwa na umri wake. Mwalimu alikuwa ananipiga mkasi tu, hasemi kwa nini. Nilikuwa naona jibu lenye alama ya kujumlisha katikati bado halijaisha, lazima nilifunge.

Nikamwambia binti: chukua a ni 2, b ni 3, piga hesabu pande zote mbili. Upande mmoja 12, mwingine 30. Akanyamaza, akachukua ufutio mwenyewe.

Wengine mliangukia wapi?

Mchangiaji wa 1
Alama ya kutoa, mkuu. 8m − (3m − 4) nilikuwa naandika 5m − 4 bila wasiwasi wowote. MAGAZIJUTO (mpangilio wa hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) nilikuwa naijua vizuri, lakini hapa naanza na mabano nakuta hakuna cha kufanya ndani, 3m na 4 hazifanani! Basi nayatoa tu. Kaka yangu akanionyesha kuandika 1 mbele: −1(3m − 4), halafu nizidishe kimoja kimoja. −1 mara 3m ni −3m. −1 mara −4 ni +4. Jibu 5m + 4. Ile 1 naiandika mpaka leo.

Mchangiaji wa 2
Mimi 5y − y nilikuwa najibu 5. Si y imeondoka? Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba y peke yake ni 1y.

Mchangiaji wa 3
Nafundisha hisabati, na kosa langu lilikuwa la ufundishaji. Nilizoea kusema 3k + 2v ni kalamu tatu na vitabu viwili, havichanganyiki. Darasa zima linaelewa siku hiyo hiyo. Tulipofika k × k, mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, kalamu mara kalamu inakuwa nini?" Sikuwa na jibu, na swali lake lilikuwa la haki kabisa. Herufi si kitu, ni namba ambayo hatujaijua. Sasa nasema k ni uzito wa kalamu moja. 3k + 4k ni uzito huo mara 3 ukijumlisha uzito huo huo mara 4, yaani (3 + 4)k, ndiyo 7k. Kwa v huwezi kufanya hivyo kwa sababu ni namba nyingine. Hata x + x² siku hizi hawaniandikii x³: wanaweka 3, wanapata 12 huku na 27 kule, wanaiacha ilivyo.

Mwanzisha mada
Asante sana mwalimu, hiyo ya uzito nimeichukua. Jana usiku binti kakutana na 4ab + 3ba, akasema hazifanani, herufi zimepinduliwa. Sikumjibu kitu. Akarudi kwenye 2 na 3 zake: 24 na 18, jumla 42. Akajaribu 7ab, 42 tena. Akaandika 7ab, akaenda kulala.