Kasulu: saidia fundi wa elfu tano anatumaliza, na anayemleta hagusi karandinga

Wakuu, leo nina hasira, lugha mtanivumilia.

Mimi ni fundi mwashi hapa Kasulu, mwaka wa 16 huu nashika mwiko. Asubuhi tumekaa kijiweni watu kumi, toka saa kumi na mbili mpaka saa tano. Imetokea kazi moja tu. Msimamizi kaja na pikipiki, anataka saidia fundi wanne. Tukamwambia 12,000 kwa siku. Kacheka. "Mimi nawapata kwa 5,000 na chakula hawaulizi." Kawasha pikipiki, huyo.

Wala hakudanganya. Kila mtu hapa anawajua hao wa 5,000. Wengi ni Warundi wanaovuka mpaka kwa njia za panya upande wa Manyovu, wachache wanachomoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu bila kibali. Faranga ya Burundi imeporomoka, petroli huko ni ya kutafutwa kwa tochi, kwa hiyo 5,000 yetu akifika nayo nyumbani ni pesa ya maana. Anakuja peke yake, analala humohumo saiti kwenye stoo ya saruji. Mimi nina kodi ya nyumba na watoto watatu wanataka madaftari. Hapo tunashindana vipi?

Na msidhani inaishia kwenye kubeba maji na kukoroga zege. Wengine ni mafundi kwelikweli. Kuna mmoja nilimwona anapiga plasta, ukiweka pima maji ukutani huoni kosa. Huyo anamaliza chumba kizima kwa pesa ambayo mimi nilikuwa nachukua kwa kuta mbili. Saruji imepanda, nondo zimepanda, mchele umepanda. Kilichoshuka ni fundi tu.

Sasa sikieni kilichonitibua hasa. Mwezi wa tatu nilipata kazi kwenye jengo moja, kontrakta simtaji. Warundi walikuwa saba. Kila wakiuliza hela wanaambiwa tutafunga hesabu Jumamosi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ijumaa jioni ya hiyo wiki ya tatu gari la Uhamiaji likaingia, wote saba juu. Msimamizi kasimama pembeni anachezea simu, hakuulizwa hata jina. Jumatatu nimefika nakuta saba wengine, wapya.

Pigeni hesabu wenyewe. Watu 7, siku 18, 5,000 kila mmoja: 630,000 imebaki mfukoni mwa mtu. Kwa hiyo hata hiyo 5,000 ni bei ya mdomoni, ya kweli ni sifuri. Mimi ukinidhulumu nitakwenda kwa mtendaji, nitapiga kelele mpaka kwa mkuu wa wilaya. Yule mwenzangu Mrundi akifungua mdomo anapakiwa. Sasa msimamizi wa namna hiyo ataniajiri mimi wa nini?

Sheria ipo. Ile ya kuratibu ajira za wageni ya 2015 haimbani mgeni peke yake, anayemwajiri bila kibali cha kazi naye ni mkosaji. Na wale wa kusema siku hizi Afrika Mashariki ni soko moja: hilo soko la pamoja lipo tangu 2010 na kibali cha kazi bado kinatakiwa. Lakini kwa miaka yangu yote 16 sijaona msimamizi hata mmoja wa saiti akipanda lile gari.

Mwaka 2025 serikali ikatoa orodha ya biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi. Saluni imo, kutengeneza simu imo. Sisi wa zege hatumo. Januari 2026 tukasikia kima cha chini sekta binafsi kimepanda kwa asilimia 33.4. Hongereni mliokipata, kijiweni kwetu hakijafika.

Halafu kuna la kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Sisi ni Waha. Kiha na Kirundi tunaelewana bila mkalimani, na sura ndiyo hizihizi. Msako ukianza, wa kwanza kukamatwa ni sisi. Mdogo wangu amelala ndani siku mbili kwa sababu kitambulisho cha NIDA hajakipata, ana namba tu. Mama alihangaika mpaka akapata barua ya mwenyekiti ndiyo wakamwachia. Kazaliwa hapahapa!

Kwa hiyo msije hapa kuwatukana Warundi, bibi yangu mzaa mama ni wa hukohuko. Ninachotaka ni kwamba Uhamiaji na maofisa kazi wa serikali wakiingia saiti waanze na daftari la mahudhurio. Nani kaandikwa, kafanya siku ngapi, kalipwa shilingi ngapi. Alipwe kwanza hapohapo, ndipo arudishwe kwao. Na msimamizi apande gari moja na yeye. Hiyo bei ya 5,000 itaendelea kuwepo kama lazima ilipwe kweli, na faini juu yake?

Kesho nitakuwa kijiweni tena. Yule wa pikipiki alisema huenda akapita, na jioni hii mwenzetu mmoja mwenye mtoto mgonjwa ametuambia waziwazi kwamba akipita, atakwenda naye kwa hiyohiyo 5,000.