Albamu ya roki ya Kikristo imenirudisha kwenye sala, lakini naambiwa niifute. Naomba ushauri

Binti wa Chikongola

Tumsifu Yesu Kristo. Nipo Mtwara mjini, naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia, na mchana nauza duka la steshenari. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili nimelibeba muda mrefu.

Kaka yangu alipohamia Dar aliniachia flashi yenye nyimbo. Humo nikakuta albamu ya kundi la Switchfoot, vijana wa San Diego, Marekani. Inaitwa The Beautiful Letdown, ilitoka mwaka 2003, ina nyimbo 11. Magitaa mazito, dramsi zinapigwa kwa nguvu, mwimbaji mara ananong'ona, mara anapaza sauti mpaka inakwaruza. Kabla ya hapo sikuwahi kuukalia chini muziki wa aina hiyo.

Baba alifariki masika iliyopita. Tangu hapo kwaya imekuwa nzito kwangu. Nyimbo tunazofanyia mazoezi ni za ushindi, za kuinuliwa, za adui kuaibika. Ni nyimbo nzuri na nitaendelea kuziimba, ila nikisimama pale huzuni yangu inakosa pa kukaa. Kwenye albamu hii nimewakuta watu wanaomwamini Kristo wakisema wazi kwamba dunia haiko ilivyopaswa kuwa, na kwamba tuliumbwa kwa ajili ya jambo kubwa kuliko haya tunayoyaishi. Nikiisikiliza usiku naishia kupiga magoti. Hata rozari, niliyoiacha baada ya mazishi, nimeirudia.

Mwenzangu wa kwaya aliisikia kwenye simu yangu akasema ni sauti za mapepo, niifute. Mama naye ameingiwa na wasiwasi. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, maneno nayapata nusunusu. Nitajuaje kama ninachokipata kinatoka kwa Mungu au ni msisimko wa muziki tu? Na mtu anaichimbaje albamu kama hii mpaka imlishe rohoni?

Mlinzi wa Zamu (Nachingwea)

Dada, pole kwa kuondokewa na mzee. Nitasema bila kuzunguka. Muziki wa roki umekulia kwenye ulevi na uasi, na kuuvisha jina la Yesu hakuubadilishi asili yake. Maandiko yanatuonya kwamba Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru, 2 Wakorintho 11:14. Tenzi zipo, mapambio yapo, Zaburi zipo. Ifute, funga na kuomba, kisha kamwone paroko wako.

Kinanda wa Ndanda

Dada, pole sana. Mimi napiga kinanda parokiani huku Ndanda, na gitaa nikiwa nyumbani. Hiyo albamu naijua wimbo kwa wimbo, kwa hiyo nieleze ninachokiona ndani yake.

Kwanza isikilize kwa mpangilio wake, simu isikuchanganyie. Wimbo wa kufungulia, Meant to Live, unamhusu mtu mwenye hamu asiyoweza kuitimiza. Jon Foreman, mtunzi na mwimbaji wao, alieleza kwamba alivutwa na shairi la T. S. Eliot kuhusu watu walio watupu ndani. Usome pamoja na Warumi 8:22, pale viumbe vyote vinapougua. Wa pili unakuuliza kama maisha unayoishi ndiyo uliyoyatamani. Wa nne, Ammunition, hautafuti mchawi nje: unasema tatizo ni sisi wenyewe. Nyimbo za adui kuaibika hazitufikishi hapo hata siku moja, kwa sababu ndani yake adui ni jirani siku zote.

Dare You to Move ni wa tano. Wenyewe walikuwa wameshauimba kwenye albamu yao ya mwaka 2000, wakaurekodi upya. Unasimama kwenye pengo kati ya mtu alivyo na anavyopaswa kuwa, kisha unamwambia aliyeanguka ainuke. Kwa mfiwa maneno hayo yanaweza kuuma, kwa hiyo usijilazimishe.

Nakuomba ukae zaidi na wa saba, ule uliobeba jina la albamu. Mwimbaji anasema hapa duniani si kwake, na kuvunjwa moyo na dunia kunamgeukia kuwa zawadi, maana kunamgeuza uso auelekee Ufalme. Ndiyo imani ya Waebrania 11:13, wageni na wasafiri juu ya nchi. Halafu anataja kanisa analojihesabu ndani yake: la walioachia njiani, walioshindwa, wenye dhambi, wapumbavu. Fungua 1 Wakorintho 1:26 mpaka 28 uone kama amezidisha chochote. Sijasikia kwaya ya huku kwetu ikiimba kwamba kanisa ni la walioshindwa, na natamani sana tuimbe.

Ule wa kufungia, Twenty-Four, ni mpole, fujo yote imeshatulia. Mtu aliyegawanyika vipande anaomba awe mmoja. Anashindana na malaika, na hapo ni Mwanzo 32 moja kwa moja: Yakobo aliyeng'ang'ania baraka usiku kucha, akaipata, akatoka anachechemea. Mwishoni anamwita Roho na kukiri kwamba Mungu anafufua kilichokufa ndani yake. Ukiniuliza sala ya mfiwa iko wapi katika albamu nzima, nitakuambia ni hapo.

Kuhusu Kiingereza, tafuta mashairi yaliyoandikwa, maandishi hayali bando. Chukua wimbo mmoja kwa juma, uandike kwenye daftari kwa Kiswahili chako, namna ambayo ungemsimulia mama yako.

Mwalimu Mstaafu, Masasi

Mjukuu wangu, pole na msiba. Mimi ni Mwanglikana, lakini jambo lako nalifahamu kwa njia ya wazee wangu.

Misheni ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, ilifika hapa Masasi mwaka 1876, Askofu Steere alipowaleta watumwa walioachwa huru waanzishe makazi. Watu wa huku walipoanza kubatizwa, jando likawa swali zito. Lina ngoma zake, nyimbo zake, na mambo ya mizimu ndani yake. Wapo waliotaka lifutwe lote. Padre Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi, alishika njia nyingine: jando libaki, lisimamiwe na mapadre pamoja na wazee Wakristo, yasiyofaa yatolewe, sala ziingizwe. Kuna waliompinga, na mpaka leo wasomi wanabishana alifanikiwa kiasi gani. Lakini nakuonyesha kwamba swali la "hiki kimetoka wapi" hawakulimaliza peke yake. Waliuliza pia kinampeleka kijana wapi, na nani yuko naye huko porini.

Hapo ndipo ninapokuonea wasiwasi. Gitaa halinitishi. Kinachonitia shaka ni kwamba unasikiliza peke yako, usiku, hedifoni masikioni, huku huzuni ni mbichi. Mwali hawekwi ndani bila kungwi. Tafuta mtu mzima wa imani, umkalishe, umsikilizishe, mzungumze.

Nahodha wa Mikindani

Dada yangu, mimi ni Mwislamu, niwie radhi kuingia kwenye mazungumzo yenu. Kwetu pia masheikh wanatofautiana kuhusu kaswida: wapo wanaoruhusu dufu, wapo wasiotaka ala yoyote. Marehemu bibi yangu alikuwa akiniuliza kitu kimoja tu: ukitoka kwenye kaswida, Alfajiri unaamka? Wewe umeeleza kwamba umerudi kusali. Mimi ningelishika hilo kwanza. Mungu amrehemu mzee.

Mama wa Mtanda, Lindi

Mwanangu, nimesoma nikatafuta mama yako ametajwa wapi, nikakuta mstari mmoja. Yeye amefiwa na mume. Wasiwasi wake si wa gitaa. Anamsikia binti yake usiku akiwa na sauti ngeni chumbani, hajui binti anaelekea wapi. Usimpe hoja. Mpe wimbo mmoja, ule mpole wa mwisho, umweleze maneno yake, kisha mwombeeni baba pamoja. Ukisali rozari, sali naye sebuleni.

Mlinzi wa Zamu (Nachingwea)

Nimewasoma wote kwa heshima. Mwalimu, shikamoo. Sibadili msimamo kuhusu roki, ila la kungwi nakubaliana nalo kabisa. Nawauliza Wakatoliki: je, mtaishia kuipigia misani? Maana ndiko mambo haya yanakoelekea.

Kinanda wa Ndanda

Ndugu Mlinzi, swali lako ni la haki. Liturujia ina sheria zake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, uliipa heshima kubwa kinanda cha kanisani, ukaruhusu ala nyingine iwapo zinafaa kwa ibada, na ukataka muziki asilia wa nchi za misheni uthaminiwe. Ngoma zimepata nafasi yake altareni kupitia mlango huo. Lakini Switchfoot hawakutunga misa. Wenyewe wamekuwa wakisema wao ni Wakristo kwa imani, si kwa aina ya muziki. Albamu yao ni ya kusikiliza nyumbani, barabarani, kwenye daladala, na dada hajaomba kuileta altareni.

Tena wimbo wao wa kumi, Adding to the Noise, unafika mahali unamwambia msikilizaji kwamba kama wanazidisha kelele tu, auzime. Dada, hicho nacho ni kipimo. Zipo siku utauzima ubaki kimya na Mungu, na ukiona siku hizo zinaongezeka, mimi nitasema albamu imefanya kazi yake.

Binti wa Chikongola

Mwalimu, shikamoo. Mama wa Mtanda, shikamoo. Wote nawashukuru, na wewe kaka Mlinzi pia, nimeona unanijali.

Nilimsikilizisha mama wimbo wa mwisho jana baada ya chakula. Kwa dramsi za nyimbo nyingine alikunja uso, kwa huo hakukunja. Nilipomweleza habari ya Yakobo akaniambia baba aliipenda sana sura hiyo, jambo ambalo sikulijua. Tumesali. Leo asubuhi kaniuliza nyimbo zilizobaki zinasema nini, kwa hiyo daftari naanza, na nitamwomba katekista wetu awe anatupitia kwenye jumuiya.

Bado kuna kitu kimoja. Nataka kwaya yetu iwe na wimbo wa kuomboleza wa kwetu, wa Kiswahili, ambao mfiwa anaweza kuuimba bila kujikaza. Nianzie wapi?

Kinanda wa Ndanda

Anzia Zaburi 42, uunganishe na 43. Kiitikio kimo humohumo: maneno ya mtu kuiuliza nafsi yake kwa nini imeinama yanakuja 42:5, yanarudi 42:11, yanarudi tena 43:5. Beti ziimbwe na sauti moja, kiitikio kwaya nzima. Mahadhi yawe ya polepole, ngoma moja tu chini, gitaa liingie kwenye kiitikio cha mwisho. Nitakuandikia sauti nne kwa solfa, nitumie ujumbe wa faragha. Mpelekee mwalimu wa kwaya mapema, kwa sababu Novemba ni mwezi wa marehemu na huku kwetu ndio minada ya korosho imepamba moto, mazoezini watakuja wachache. Wimbo huu hata watu wanane wanautosha.