Ametuuliza "Mko wapi?" nasi tumeketi katika ukumbi aliouchagua mwenyewe

Tope_la_Ahero:
Naandika nikiwa bado ndani ya ukumbi wenyewe, soksi zangu zikiwa zimeanikwa dirishani, kwa hivyo mtanisamehe iwapo hasira itanizidi kimo. Mhadhiri wetu huyu sitamtaja kwa jina. Mnamjua, na asiyemjua akatazame orodha ya wanaorudia somo lake.

Jana saa nne usiku alituma ujumbe katika kundi la WhatsApp kwamba mhadhara wa leo, wa kufidia vipindi vilivyopotea katika mgomo wa wahadhiri wa siku 49 wa mwaka 2025, ungefanyika ana kwa ana saa moja asubuhi, na kwamba hangevumilia visingizio. Niliamka saa kumi alfajiri. Mvua iliyokuwa ikinyesha Ahero ni ile ambayo Nuhu angeitazama mara moja na kwenda kutafuta misumari. Nililipa nauli ya shilingi 150 badala ya 100, nikasafiri hadi Kisumu juu ya ubao uliolazwa kati ya viti viwili vya matatu, nikiwa nimemshika kuku wa mama mmoja ambaye mikono yake ilikuwa imejaa. Kufikia saa mbili tulikuwa watu 80 ukumbini na mbwa mmoja, ambaye mahudhurio yake muhula huu yanamshinda daktari wetu kwa mbali.

Saa tatu kasorobo kiungo cha darasa la mtandaoni kikatumwa. Tusio na bando tuliwazunguka wenye nalo, watu wanne kwa simu moja. Kamera yake ilikuwa imezimwa, lakini nyuma yake tulimsikia utingo waziwazi: "Mbale, Chavakali, Kakamega, wawili twende!" Kisha yeye, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, akauliza: "Mko wapi?"

Mko wapi! Mtu aliye stendi anawauliza watu walio darasani mahali walipo! Halafu akayaita majina kwa dakika tano, na ambaye hakuitikia akaandikwa kuwa mtoro. Kanuni inasema anayehudhuria chini ya theluthi mbili ya mihadhara hafanyi mtihani, na mtihani ndio wenye alama 70 kati ya 100. Nimelowa, nimeketi mstari wa mbele, nami ni mtoro. Mko wapi, anasema.

Mkopo_Haujafika:
Pole sana, ndugu yangu. Ningependa tu kuelewa ni kwa msingi gani uliuamini ujumbe wa saa nne usiku kutoka kwa mtu aliyekosa kufika mara tatu muhula huu. Sisi tunaomfahamu tuliitikia majina yetu tukiwa chini ya blanketi, na rekodi zetu ni safi.

Tope_la_Ahero:
Niliuamini kwa sababu alisema hangevumilia visingizio. Hebu litazame swali lenyewe: "Mko wapi?" Ukumbi aliuchagua yeye!

Omena_Mkavu:
Kuku alifika salama? Umemtaja mara moja kisha ukamwacha hewani.

Binti_wa_Nakuru:
Angalau ninyi mliisikia sauti yake. Huku Nakuru tuna mfumo wa mseto, ambapo nusu yetu huwa ukumbini na nusu nyumbani, na mhadhiri huinamisha kompyuta yake kiasi kwamba sisi wa nyumbani tunaona paji lake la uso na kipande cha dari kwa saa tatu. Tukiuliza swali, wa ukumbini hawatusikii. Wakiuliza wao, hatuwasikii. Nimelipia shahada, nimepewa paji la uso.

Mhadhiri_wa_Kibarua:
Mimi si huyo mnayemsema. Hata hivyo, mjue kwamba baadhi yetu hufundisha Kisumu asubuhi na Kakamega alasiri, kwa malipo ya muhula uliopita ambayo bado hayajaingia, na mwanafunzi anapougua huleta barua ya hospitali ilhali mimi nikiugua silipwi hata kipindi kimoja.

Omena_Mkavu:
Kwa heshima zote, daktari, hivi sasa unatuandikia kutoka stendi?

Mhadhiri_wa_Kibarua:
Niko ndani ya gari. Halijajaa.

Mzee_wa_Mwembe:
Nilikuwa mwaka wa pili vyuo vilipofungwa Machi 2020, na muhula huo nilisomea juu ya mwembe wa nyumbani Siaya, kwa kuwa chini hapakuwa na mtandao. Huyo huyo aliniuliza, "Uko wapi?" Nikamjibu kwa adabu kwamba niko mwembeni. Akaniandika mtoro kwa utovu wa nidhamu.

Kiongozi_wa_Darasa:
Kwa kuwa mahudhurio yametajwa, naomba nielezwe jinsi karatasi ya Jumanne ilivyopata saini 112 katika darasa lililokuwa na watu 31. Mkopo_Haujafika, saini zako tatu za wiki iliyopita zina miandiko mitatu.

Mkopo_Haujafika:
Mkono ulikuwa unaniuma.

Kiongozi_wa_Darasa:
Jina lako limeandikwa kwa herufi zisizo sahihi katika mbili kati ya hizo.

Tope_la_Ahero:
Jamani, tulikuwa tunazungumzia "Mko wapi?"

Mkopo_Haujafika:
Aliyenisainia anajijua. Nilimnunulia chai na chapati mbili ili aandike jina langu, naye akashindwa hata kuliandika. Nitamfungulia uzi wake jioni.