Mama (67) anainuka kwenye kiti kwa shida: aendelee kupumzika au aanze mazoezi ya nguvu?

Mtoto_wa_Mwisho:
Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana miaka 67. Presha anayo ila dawa zinaidhibiti, sukari hana, na hajawahi kuanguka. Lakini akitaka kuinuka anasogea mpaka ukingoni mwa kiti, anashika mikono ya kiti, anajirusha mara mbili ndipo anasimama. Akipanda ngazi, kila hatua anaunganisha miguu yote miwili kabla ya kuendelea. Uzito haujabadilika, kwa hiyo nyumbani wanasema ni uzee tu. Kaka zangu wamemkataza hata kubeba ndoo, eti kazi zake alishamaliza.

Mimi naona tunammaliza kwa huruma. Nikitaja kunyanyua vitu vizito nachekwa. Kwa umri huo misuli bado inajengeka? Na mimi wa miaka 39 nianze au bado sana?

Kichwa_Ngumu:
Mwache mama apumzike mkuu. Matembezi ya jioni yanamtosha. Vyuma ni vya vijana wanaotafuta kifua cha kupigia picha.

FundiViungo:
Kichwa_Ngumu, hapo nakupinga, na hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Matembezi yanausaidia moyo, ila nyuzi za misuli zinazotangulia kupotea uzeeni ni zile za kasi, zile zinazokuinua ghafla au kuwahisha mguu ukijikwaa. Hizo haziamki mpaka zikutane na mzigo wa maana au mwendo wa haraka.

Mleta mada, mzani usikudanganye. Misuli inapungua, mafuta yanachukua nafasi yake, kilo zinabaki zilezile. Tangu miaka ya 30 hivi mtu hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka 10, na baada ya 60 kasi inaongezeka.

Je, inajengeka? Kuna utafiti wa Boston uliochapishwa 1990. Walichukua wazee 10 wanaoishi kwenye makao ya kutunzia wazee, umri wao wastani miaka 90, wakawafanyisha mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Nguvu za waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutembelea fimbo. Miaka 67 mbele ya hao ni kijana!

Mpime hivi: akae kwenye kiti kigumu, mikono aikunje kifuani, ainuke na kukaa mara 5 mfululizo. Akizidisha sekunde 15, miguu imedhoofika. Simama karibu naye.

Dada_Mkubwa:
Mmeshajadili nyie watoto, mama mwenyewe anasemaje?

Halafu hizo habari za kupumzika ziangalieni vizuri. Wazee wenye afya zao walilazwa kitandani siku 10 tu kwa ajili ya utafiti, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama za miguu. Mama akija kuugua akalazwa, atatumia akiba aliyoingia nayo wodini. Asipokuwa nayo, anatoka anashikiliwa.

Mtoto_wa_Mwisho:
Dada umenigusa. Nimemuuliza, kasema hakuna kinachomuudhi kama kunyang'anywa ndoo. Kipimo: sekunde 19, na ile ya nne alinishika bega. Fundi, tunaanzaje?

FundiViungo:
Kwanza daktari wake ajue, kwa sababu ya presha. Kisha anzeni na kiti hichohicho. Weka mto juu yake ili kiwe kirefu, ainuke bila mikono, akishuka ashuke polepole kwa kuhesabu mpaka tatu. Asibane pumzi: atoe pumzi anapoinuka, maana kubana kunapandisha presha. Afanye mpaka abakize nguvu za kuinuka mara mbili tatu, apumzike, arudie. Ikiwa rahisi ondoa mto, baadaye ashike kitu kizito kifuani. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanafanya kilekile miezi sita, na misuli ikishazoea haiongezeki tena.

Ongeza kusukuma ukuta kwa mikono na kubeba ndoo pande zote mbili. Mara 2 au 3 kwa wiki, siku zisifuatane. Na ndoo yake arudishiwe.

Mpishi_Mtulivu:
Msisahau sahani. Wazee wengi hula kidogo, tena wanga mtupu. Kwa umri wake gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku inafaa, isipokuwa kama figo zina tatizo. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo mama wa kilo 60 hatoboi kwa yai la asubuhi peke yake. Igawe kwenye milo yote.

Dada_Mkubwa:
Wewe wa 39 anza wiki hii. Shirika la Afya Duniani linasema mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki kwa watu wazima wote. Na misuli ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya kula, kwa hiyo hao kaka nao waburute.

Mtoto_wa_Mwisho:
Tumeanza na mto. Goti la kulia linalia akishuka, ila anasema haliumi. Tuendelee?

FundiViungo:
Kama haliumi wala halivimbi, endeleeni. Likiuma kesho yake, ongeza mto wa pili ili asishuke chini sana.